NANI ALIKULA, NANI ANALIPA?

Masomo: Nehemia 5:1-19, 2 Wafalme 4:1-7



Watu wanaokuja kwetu mashemasi kuomba maombi wanaleta shida nyingi, lakini shida hizo zinafanana. Huyu alifutwa kazi na hakulipwa haki yake. Yule ameshindwa kulipa minervali ya watoto watatu. Mama anauza sombe sokoni tangu asubuhi mpaka jioni, na faida yote inaishia kwa yule aliyemkopesha. Mzee alifanya kazi kwa kampani miaka 30, na leo hana feza ya kununua dawa. Kisha wote wanamalizia kwa swali moja: "Shemasi, nani ametufunga?"

Swali hilo si dogo. Anayeuliza anaamini kwamba kuna mkono uliomfunga, na anataka kuujua. Sisi watu wa Kanisa la kinabii hatuwezi kumcheka, kwa maana nabii ni mtu anayeonyeshwa na Mungu mambo yaliyofichwa. Lakini tukimwonyesha mtu mkono usio wenyewe, tumemfunga mara ya pili, na mwingine asiye na kosa atapigwa kwa ajili yake. Basi leo tuutafute mkono huo kwa Neno la Mungu, na kwa mambo yaliyotokea katika nchi yetu, mambo yanayojulikana na kuandikwa.

1. KILIO CHA YERUSALEMU

Fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 5. Watu walikuwa wanajenga ukuta wa Yerusalemu. Kazi ilikuwa ya Mungu, na kila mmoja alibeba mawe. Katikati ya kazi hiyo kilio kikubwa kikatoka kwa watu na kwa wake zao. Angalieni vizuri: Biblia inawataja wake. Wao ndio wanaojua kwanza kwamba unga umekwisha.

Kilio hicho kilikuwa na sauti tatu. Wa kwanza walisema: tuko wengi nyumbani, na nafaka hatuna. Wa pili walisema wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate kula wakati wa njaa. Wa tatu walisema wamekopa feza ili walipe kodi ya mfalme.

Hao wa tatu ndio tunaotaka kuwasikia leo. Hawakukopa ili wale. Hawakukopa ili waoe wala ili wajenge. Walikopa ili mkubwa aliye mbali apate chake. Na waliposhindwa kurudisha, watoto wao wakachukuliwa kuwa watumwa, na mashamba yao yakawa ya watu wengine.

Sasa tazameni Nehemia alivyofanya. Hakuwaambia watu wale wafunge siku saba zaidi. Hakuwauliza walitenda dhambi gani. Hakumtafuta mlozi kati yao. Alikasirika, akafikiri moyoni mwake, halafu akawagombeza wakubwa na viongozi, akakusanya mkutano mkubwa juu yao. Kwa maneno yetu sisi, aliuliza mbele ya watu wote: nani alikula, na nani analipa?

2. MEZA ILIYOTANDIKWA BILA SISI

Tuje sasa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 70 shaba ilikuwa na bei nzuri duniani, na nchi yetu, iliyoitwa Zaire tangu 1971, ilionekana tajiri. Mabanki ya Ulaya na ya Marekani yakashindana kuikopesha. Makampani yakaleta mipango mikubwa mikubwa. Na katika mingi ya mipango hiyo walikuwako watu waliokata sehemu yao kwanza, kabla kazi haijaonekana.

Chukueni mfano wa umeme wa Inga. Kutoka kwenye mto Kongo, upande wa bahari, waya ulivutwa mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700. Kazi ilianza katika miaka ya 70, ikaisha mwanzoni mwa miaka ya 80, na bei yake ikapanda kupita sana ile iliyopangwa. Waya huo ulipita juu ya vijiji vingi. Umeme ukapita juu, taa hazikushuka. Mama wa kijiji aliendelea kupika kwa kuni chini ya waya ule, na deni la waya likaandikwa juu yake na juu ya watoto wake.

Mfano mwingine ni kiwanda cha chuma cha Maluku, karibu na Kinshasa. Kilijengwa kwa feza nyingi za mkopo, na hakikufanya kazi kwa nguvu yake yote hata siku moja. Chuma kilionekana kidogo tu sokoni, lakini deni lilionekana lote katika vitabu.

Tarehe 30 Novemba 1973 ikaja zairianisation. Maduka na mashamba ya wageni yakagawanywa, na wakubwa wengi ndio waliopewa. Wengine waliuza vitu vilivyokuwa ndani, wakafunga mlango. Bei ya shaba nayo ikaanguka kati ya 1974 na 1975, hata chini ya nusu. Mwaka 1975 nchi ikashindwa kulipa madeni yake. Mwaka 1976 serikali zinazodai, zile zinazoitwa Klabu ya Paris, zikakutana mara ya kwanza kwa ajili ya Zaire. Zilikutana tena na tena baadaye.

Mwaka 1978 FMI ilimtuma Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, akae ndani ya Banki ya Zaire na kuchunga feza. Aliondoka mwaka uliofuata. Mwaka 1982 alitoa taarifa, akaeleza jinsi wakubwa walivyokula, akasema wazi kwamba wadai wasitumaini kurudishiwa feza yao. Basi jambo lilijulikana. Na hata baada ya hapo mikopo iliendelea kutolewa, kwa sababu wakati ule dunia ilikuwa imegawanyika kati ya Mashariki na Magharibi, na wenye nguvu wa Magharibi walitaka Mobutu abaki rafiki yao.

Wandugu, tusidanganyane kwa kusema ni wazungu tu. Na tusidanganyane kwa kusema ni wakubwa wetu tu. Mezani walikaa wenyeji na wageni pamoja. Aliyekopa alijua. Aliyekopesha naye alijua. Asiyejua ni yule ambaye jina lake liliandikwa kwenye karatasi ya kulipa.

3. HESABU IKALETWA KWA NANI?

Wazee husema dawa ya deni ni kulipa. Neno hilo ni kweli kwa yule aliyekopa. Lakini nchi inaposhindwa kulipa, wakubwa wa dunia wanakuja kuiokoa, na sisi Wakristo tunaojua neno wokovu lazima tuulize: ni nani aliyeokolewa?

FMI ilitoa mikopo mipya. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilisaidia kulipa mikopo ya zamani. Feza ilitoka kwa mdai ikarudi kwa mdai. Haikupita sokoni kwetu, haikulala hata usiku mmoja Bukavu, wala Lubumbashi, wala Kisangani. Lakini masharti yake yalipita kila mlango: shusheni thamani ya pesa, punguzeni watumishi wa serikali, punguzeni matumizi. Mkopo ulikuwa wa wakubwa, masharti yakawa ya wadogo.

Hesabuni pamoja nami.

Siku za Noeli mwaka 1979, katika kutafuta kurekebisha pesa, watu waliambiwa kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazina kazi tena. Walipewa siku chache tu kuzibadilisha, na kwa kiasi kilichowekwa. Mwenye njia kwa wakubwa alibadilisha. Mama wa kijijini aliyeficha noti zake katika kitambaa, banki iko mbali, alibaki na karatasi. Watu wengine waliimba kuzaliwa kwa Bwana siku ile wakiwa wamepoteza akiba ya maisha yao.

Mwezi wa Septemba 1983 pesa ya zaire ilishushwa, ikapoteza zaidi ya robo tatu ya thamani yake mbele ya pesa za nje. Kitu kilichonunuliwa ng'ambo kwa zaire 1 kikaomba zaire zaidi ya 4. Dawa ya hospitali inatoka ng'ambo. Mshahara wa mwalimu hautoki ng'ambo.

Katika miaka iliyofuata maelfu ya walimu na watumishi wakafutwa kazi. Wadai walipofunga mkono, mwanzoni mwa miaka ya 90, serikali ikachapa noti tu. Mwisho wa 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5, na watu wengi wakaikataa. Oktoba 1993 zaire mpya 1 ikachukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 franka 1 ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Fanyeni hesabu wenyewe: franka 1 ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Akiba gani ya mfanyakazi ingepona katika moto wa namna hiyo?

Wakati huohuo shule zilikuwa zinakufa, na wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kutoka mfukoni mwao. Ilipaswa kuwa kwa muda. Ilidumu zaidi ya miaka 25, mpaka serikali ilipotangaza mwaka 2019 kwamba shule za msingi za serikali ni za bure. Katika miaka hiyo yote, mzazi alipokuwa na feza ya mtoto mmoja, mara nyingi alimtuma mvulana. Msichana akabaki nyumbani. Naye alilipa deni la nchi, na hakuna kitabu kilichoandika jina lake.

Watu wa Katanga mnajua habari ya Gécamines. Katika miaka ya 80 ilitoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka, na mfanyakazi alipata posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Feza yake iliondolewa kwa kazi nyingine, mashine hazikutengenezwa, na mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 2003 kampani ilitoa chini ya tani 20,000. Ndipo ukaja mpango uliosimamiwa na Banki ya Dunia wa "kuondoka kwa hiari". Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka, na wengi wao walikuwa wamekaa zaidi ya miaka miwili bila mshahara. Mtu mwenye njaa akipewa karatasi ya kutia sahihi, tuseme ni hiari? Na feza ile waliyopewa ilikuwa yenyewe mkopo juu ya nchi. Yaani baba alifukuzwa kwa deni ambalo mtoto wake atalipa.

4. DENI LIKAFUTWA, SHAMBA HALIKURUDI

Mtu atasema: Shemasi, mbona deni lilifutwa? Ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tusikie vizuri jinsi lilivyofutwa.

Mwaka 2002 nchi kadhaa ziliikopesha Kongo kwa muda mfupi, ili ilipe malimbikizo yake kwa FMI. FMI ilipolipwa, ikaikopesha Kongo tena, na Kongo ikazirudishia nchi zile. Feza ilizunguka meza, ikarudi mahali ilipotoka. Kisha, baada ya miaka ya masharti, tarehe 1 Julai 2010 Kongo ikafika mwisho wa njia, na msaada wa kupunguza deni ukahesabiwa dola bilioni 12.3.

Na hata hapo wengine hawakuachilia. Kampuni moja, FG Hemisphere, ilikuwa imenunua deni la zamani la waya za umeme, kutoka kwa kampuni ya Yugoslavia ya zamani iliyokuwa imefanya kazi hiyo wakati wa Mobutu. Ikaidai Kongo zaidi ya dola milioni 100, ikaifuata katika mahakama za Hong Kong na za kisiwa cha Jersey. Kongo ilishinda Hong Kong mwaka 2011, na Gécamines ikashinda katika kesi ya Jersey mwaka 2012. Mtu anunua deni kuukuu kama mtu anayenunua mfupa sokoni, kisha anakuja kutafuta nyama kwa watoto wa marehemu.

Lakini jambo kubwa ni hili. Rudini kwa Nehemia 5, mstari wa 11. Nehemia hakusema tu: futeni deni. Alisema: rudisheni. Rudisheni mashamba leo hii. Rudisheni mizabibu, mizeituni na nyumba. Rudisheni na ile riba mliyotoza, ya feza, ya nafaka, ya divai na ya mafuta. Halafu akawaita makuhani, akawaapisha wakubwa mbele yao. Akakung'uta nguo yake akisema Mungu naye amkung'ute hivyo kila mtu asiyetimiza neno lake.

Kwetu vitabu vilisafishwa, lakini shamba halikurudi. Akiba ya 1979 haikurudi. Mwalimu aliyefutwa hakuitwa. Msichana aliyebaki nyumbani leo ni mama, hasomi barua. Wazee wa kampani walidai miaka mingi haki yao iliyobaki, na wengi walikufa wakiwa bado wanadai. Deni la wakubwa lilipata kikao Paris. Deni ambalo wakubwa wanawadai, hapana: deni ambalo wadogo wanawadai wakubwa halikupata kikao popote. Ndiyo maana mtu anaambiwa deni limekwisha, na nyumbani kwake bado analisikia likipumua.

5. MSIMTAFUTE MDENI KATIKA MTOTO

Sasa nafika mahali penye uchungu, na ninaomba mnisikilize kwa roho ya upole.

Mtu akibebeshwa mzigo na hakuambiwa umetoka wapi, atautafutia mwenyewe. Baba amefutwa kazi, hajui habari ya Klabu ya Paris. Mama ameona biashara yake imekufa, hajui habari ya Septemba 1983. Wanachojua ni kwamba tangu mtoto huyu alipokuja kukaa nyumbani, mambo yameharibika. Mtoto ni yatima wa dada. Anakojoa kitandani. Anaota usiku. Anakula sana, maana ana njaa. Ndipo mtu anasema: mlozi ni huyu.

Ilikuwa katika miaka ya 90, miaka ileile ya noti za mamilioni, ndipo habari za watoto walozi zilipoenea sana katika miji yetu. Watoto wakafukuzwa, wakajaa barabarani. Bibi vizee wakasingiziwa. Na tuseme ukweli mbele za Mungu: katika makanisa mengi walipatikana watu wa kuthibitisha maneno hayo, wakawanyima watoto chakula siku nyingi, wakiita jambo hilo ukombozi.

Basi someni 2 Wafalme sura ya 4. Mjane mmoja alimlilia Elisha. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, na Elisha alijua kwamba alimcha Bwana. Alikufa akaacha deni, na mdai alikuwa njiani kuja kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa. Sikieni hapo, watu wa Kanisa la kinabii! Nyumba ya mcha Mungu, nyumba ya mtumishi, ilikuwa na deni. Umaskini wa nyumba ile haukuwa alama ya laana. Na Elisha alipoulizwa, hakusema: leta wale watoto wawili niwachunguze, mmoja wao amemla baba yake. Alitafuta jinsi watoto watakavyobaki na mama yao. Aliuliza: nyumbani una nini? Kulikuwa na mafuta kidogo. Kazi yote ya nabii siku ile ilikuwa kumzuia mdai asifike kwa watoto.

Mnaona hatari yetu? Mdai alitaka kuchukua watoto, nabii akawaokoa. Sisi tukimwita mtoto mlozi kwa sababu nyumba imekosa feza, tunamfanyia mdai kazi yake. Wakubwa walikula, FMI ikaandika masharti, na mtoto wa miaka saba anafukuzwa usiku. Hivyo ndivyo hesabu ya meza ile inavyofika kwa mdogo kuliko wote.

Tena sheria ya nchi inasema vilevile. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi. Na sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayefanya hivyo. Shemasi, mchungaji au mwenye maono asiseme hakujua.

Sisemi kwamba shetani hana kazi. Ana kazi. Lakini kazi yake ya kwanza ni uongo, na uongo wake mzuri kuliko wote ni kumfanya aliyeibiwa amkamate mtoto wake badala ya mwizi.

6. BASI TUFANYE NINI?

Nehemia hakuanza na watu wa nje. Katika mstari wa 10 alikiri kwamba yeye na ndugu zake pia walikuwa wakikopesha feza na nafaka, akasema tuache riba hii. Hukumu ianze nyumbani mwa Mungu.

Kwanza, vitabu vya Kanisa vifunguliwe. Tunapotaka kujenga, tunakopa saruji na mabati, kisha tunagawanya deni kwa vichwa: kila mtu kiasi hikihiki, mfanyabiashara na mjane sawasawa. Tunasema tuko sawa mbele za Mungu. Lakini kiasi hicho kwa mmoja ni soda, kwa mwingine ni bukari ya siku mbili za watoto. Tusikubali mkopo wowote wa parokia kabla mkutano wote haujasikia: ni kiasi gani, ni kwa nani, utalipwa na nani, na nani atashika mfuko. Mashemasi wasome hesabu kwa sauti, na mama yeyote awe na ruhusa ya kuuliza.

Pili, tusile wenzetu. Wako kati yetu wanaofanya ile tunayoita bank lambert: anakopesha 100, mwisho wa mwezi anadai 150, na mtu akishindwa anamchukulia redio, sufuria, hata karatasi ya kiwanja. Halafu Jumapili anakaa mbele na kutoa sadaka kubwa. Ndugu, sadaka hiyo inalia. Turudi kwenye likelemba ya uaminifu, ambapo kila mmoja anatoa na kila mmoja anapokea kwa zamu. Elisha alimwambia mjane aazime vyombo kwa majirani wote. Mafuta yalikuwa yake kidogo, lakini vyombo vilikuwa vya jirani. Muujiza ule usingefanyika katika mtaa wa watu wasioazimana.

Tatu, tuulize wakubwa mapema. Serikali itakopa tena. Mikopo mingine ni mizuri, kwa maana barabara na maji havitoki mbinguni vyenyewe. Lakini sisi tuna wabunge, na mbunge anakuja kuomba kura hata mbele ya kanisa hili. Siku hiyo asipewe tu kiti na wimbo. Aulizwe: mkopo huu ni wa kazi gani? Waya utapita juu yetu, au taa itashuka? Nehemia alikaa liwali miaka 12 bila kula posho ya uliwali, kwa sababu aliona mzigo wa watu ni mzito. Kiongozi wa namna hiyo anawezekana. Biblia haikumwandika ili tumsifu tu.

Nne, yule anayekuja kuuliza "nani ametufunga?" ajibiwe kweli. Tuombe naye, tulie naye, tumwekee mikono. Lakini tumwambie pia: baba, kazi yako haikufungwa na mama yako mzee. Mama, biashara yako haikuliwa na mtoto huyu. Iko meza iliyoliwa kabla hamjafika, na ninyi mmekuwa mnalipa. Hamna laana. Mnadai. Na Yesu Kristo, aliyelipa deni asilokula, anajua vizuri jinsi hali hiyo ilivyo.

Mtu anayejiona amelaaniwa anajificha. Mtu anayejua kwamba anadai anasimama wima, hata kama mfukoni hana kitu. Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka iingie katika kila nyumba ya Kanisa hili.

TUOMBE

Bwana Mungu wetu, wewe ulisikia kilio cha wake za Yerusalemu, sikia na wa kwetu. Kumbuka waliopoteza akiba zao na kazi zao, na wazee waliokufa wakingoja haki yao. Wape wakubwa wa nchi yetu na wa dunia hofu yako, wasitandike meza ya leo kwa chakula cha watoto wa kesho. Utusafishe sisi kwanza, mfuko wa Kanisa na mifuko yetu. Walinde watoto wote waliosingiziwa, uwarudishe nyumbani, na uwafungulie mlango kwa mikono yetu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Shemasi wenu katika kazi ya Bwana.